Bingwa na Sifa Yake

Katika mji wa Songea walimu wawili wastaafu walibishana juu ya mabingwa wa sataranji. Wa kwanza alimtukuza Alekhine, aliyemnyang'anya Capablanca ubingwa wa dunia mwaka 1927, akafa bingwa mwaka 1946. Wa pili alimsifu Euwe, aliyemshinda Alekhine mwaka 1935, akakubali kurudiana naye mwaka 1937, akashindwa. Capablanca hakupewa nafasi hiyo kamwe.

"Kushindwa nako ni sifa?"

"Ndugu yangu, mji huu una jina la Songea Mbano, aliyeshindwa katika Vita vya Majimaji, akanyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Wanyongaji wake nani awatajaye?"

Msifu Alekhine, ambaye tangu amshinde mwenziwe zamani alikataa kurudiana naye, alinyamaza. Kisha akapanga kete.