Motokaa Iliyoongezwa Nguvu

Msomaji mwema, kila mtu ana tamaa inayomtawala. Mmoja hutawaliwa na mavazi, wa pili na chakula, na wa tatu na sifa. Mimi nilitawaliwa na mwendo. Nilikulia karibu na Naivasha, na nyumbani kwetu mbio za motokaa za Safari zilisimuliwa kama vita vya mashujaa. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997, nilipokuwa mtoto, Mskochi Colin McRae alishinda akiendesha Subaru Impreza, na tangu hapo mngurumo wa gari lile haukutoka masikioni mwangu. Mwaka 2021 Safari iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia, baada ya kukosekana kwa miaka 19, tamaa yangu iliamka kama moto uliofunikwa na jivu. Nilichukua mkopo katika chama cha akiba, nikaenda Nairobi kutafuta gari la namna ile.

Nililolipata lilikuwa limekwisha kupita katika mikono ya watu kadhaa, na mmoja wao alikuwa ameiongezea injini nguvu. Yafaa ujue maana ya jambo hili. Injini hula vitu viwili, petroli na hewa. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi utokao katika injini. Nayo huisukuma hewa nyingi ndani ya silinda, hata petroli nyingi zaidi iweze kuchomwa. Kiwandani wahandisi huweka kipimo cha hewa hiyo. Mwenye gari huyo alikivuka kipimo: alitia turbo kubwa zaidi, akapanua bomba la moshi, na kompyuta ya injini akaipa maagizo mapya.

Kazi hiyo si uovu ikifanywa kwa elimu. Walakini nguvu ikiongezwa mahali pamoja hudai malipo kila mahali. Moto mkali hutaka maji ya kupoza ya kutosha, oili safi, klachi imara, na breki zinazolingana na mwendo. Hutaka pia petroli isiyoshika moto kabla ya wakati wake. Ikishika mapema, mlipuko huipiga pistoni kama nyundo, na mafundi husema injini inagonga. Gari lililotengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye okteni karibu 100, huweza kudhurika kwa petroli ya kawaida ya vituo vyetu kama kompyuta haikurekebishwa.

Siku hiyo sikujua hata nusu ya haya. Nilifuatana na fundi mmoja mzee, lakini nilimchukua kama mtu achukuavyo mwavuli siku ya jua. Muuzaji alitupokea kwa tabasamu, na injini ilikuwa tayari inanguruma. "Nimekupashia moto, ndugu yangu, usipoteze wakati," alisema. Nilidhani ni adabu. Fundi aligusa boneti, akanivuta kando.

"Mwanangu," alisema, "tumwambie tutarudi kesho alfajiri, injini ikiwa baridi. Ukitaka kujua afya ya mtu mtazame anapoamka, kabla hajanawa uso. Tena nataka kupima mgandamizo wa kila silinda. Na muulize ni nani aliyeifanya kazi hii, na risiti ziko wapi."

"Mzee, kesho litakuwa limeuzwa," nilimjibu. Hayo yalikuwa maneno ya muuzaji. Nami niliyarudia kana kwamba ni yangu. Nikalipa.

Kwa majuma saba nilikuwa mfalme wa barabara. Katika juma la nane nilikuwa nikimpeleka mama yangu Nairobi usiku. Tulipokuwa tukiupanda mlima baada ya Naivasha nilitaka kulipita lori moja, nikakanyaga mafuta. Gari liliruka mbele, kisha nguvu zote zikakatika, moshi mweupe ukatufunika, na taa za lori zikajaa katika kioo cha nyuma. Dereva wa lori alikwepa kwa kipimo cha mkono. Tulipofika kando ya barabara, mama alivuta shuka yake mabegani, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Gari hili lilikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Fundi mzee alifungua injini bila kunikumbusha maneno yake. Gasketi ilikuwa imeungua, akaibadilisha. Silinda moja, hata hivyo, ilikuwa imechakaa kwa mateso ya muda mrefu. Kila asubuhi ilichoma oili na kutoa moshi wa buluu. Kuitengeneza upya kulihitaji fedha nisizokuwa nazo. Kiwanda hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la waliovuka kipimo, na langu niliyenunua mngurumo.

Rafiki zangu walinipa shauri jepesi. "Tia oili nzito, lipashe moto kabla mnunuzi hajafika, uza." Nakiri, msomaji, nilikubali. Kijana mmoja alipiga simu, akasema amepata mkopo. Asubuhi ya kuja kwake niliingia garini mapema, ufunguo mkononi. Hapo nikaisikia sauti moyoni: "Nimekupashia moto, ndugu yangu." Ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Nikautoa ufunguo, nikashuka.

Kijana alipofika, macho yake yalimeta kama yangu yalivyometa. Nilimwambia aguse boneti. Ilikuwa baridi. Nikawasha injini, na moshi wa buluu ukatoka ukamfikia. Nikampa karatasi ya vipimo vya fundi. Aliisoma, akashukuru kwa sauti ndogo, akaenda zake. Baadaye gari lilinunuliwa na fundi aliyetaka kulijenga upya, kwa bei isiyofika nusu ya niliyotoa. Deni nililimaliza baada ya miaka miwili, nikipanda matatu kila siku.

Nawe ukija kununua gari la namna hii, nenda alfajiri. Litazame likiwa baridi, dai risiti, pima kila silinda, angalia breki kabla ya kusifu mwendo, na iarifu bima mabadiliko yote yaliyofanywa. Chukua fundi unayekusudia kumsikia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini kama umekwisha kudanganywa, kumbuka kwamba hasara yako ina mlango mmoja wa kutokea, nao ni mfuko wa mtu mwingine. Mlango huo uko wazi daima, na hakuna atakayekuona ukipita. Mimi nilifika kizingitini, ufunguo mkononi. Nilirudi maskini zaidi, lakini usiku ule nililala.