Kumbukumbu ya Mia Tano

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi sikuambiwa, na hata ningeambiwa nadhani ningeziba masikio, kwani siku hizo nilijiona bingwa wa tarakilishi, sina wa kunibabaisha. Leo nimeshika kalamu nikiwa na haya usoni ili niwasimulie jinsi neno moja tu, neno "kumbukumbu", lilivyonitia mashakani mimi na karibu nusu ya jarida hili mnalolisoma.

Ilikuwa hivi. Mlezi wa chama chetu alitafuta mtu wa kupiga chapa mashairi na insha za jarida. Mimi huyo, nikanyoosha mkono juu kama mlingoti wa bendera. Nikajigamba mbele ya kikao kizima kwamba kwetu nyumbani kuna kipakatalishi. Na kweli kilikuwepo, ila hakikuwa chetu hasa. Binamu yangu alikinunua kikiwa kikuukuu huko Luthuli, jijini Nairobi, akakitumia chuoni miaka kadhaa, kisha alipopata kipya akatuachia kile. Betri yake ilikuwa imekufa kabisa. Kilifanya kazi mradi tu waya uwe umechomekwa kwenye soketi. Ukichomoa, kinazima papo hapo kama mshumaa uliopulizwa.

Siku ya kunikabidhi, binamu alikipigapiga mgongoni akasema, "Hii mashine usiione hivi ukaidharau. Memori yake ni 500!"

"500 nini?" nikauliza.

"Gigabaiti, bwana. Hii haisahau kitu."

Maneno hayo, ndugu msomaji, yaliniingia moyoni yakakaa. Haisahau kitu! Nikakiona kile kipakatalishi kama mzee wa kijiji anayekumbuka kila ndoa na kila kesi ya shamba. Nilipokifungua niangalie mwenyewe, kikaniandikia 465 badala ya 500, nami nikadhani muuzaji alimpunja binamu gigabaiti 35. Baadaye nilijua hakuna aliyepunjwa. Mwenye kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali programu ya Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, ambayo ni zaidi kidogo ya bilioni moja na milioni 73. Kibaba cha muuzaji ni kidogo, cha mnunuzi ni kikubwa, lakini mahindi ni yale yale.

Niseme kidogo kuhusu jina, maana katika chama chetu jambo hili lilileta ubishi hadi kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Wako wanaosema laptopu, wako wanaosema tarakilishi ya mkononi, na ndugu zetu wa Tanzania wana kompyuta mpakato. Mimi nashikilia kipakatalishi kwa sababu mle ndani nasikia kupakata. Ukikaa nacho unakipakata mapajani kama mtoto mchanga, na kikikaa muda mrefu kinapata joto kama mtoto mwenye homa. Neno lenyewe linakueleza kitu. Laiti maneno yote ya mashine hizi yangekuwa hivyo!

Basi, Jumamosi moja baada ya kufua sare nilikaa mezani, nikafungua programu ndogo iitwayo WordPad, kwani ile kubwa ya kuandikia muda wake wa malipo ulikuwa umekwisha, nikaanza. Nilikuwa na karatasi 14 za wanachama. Nilipiga chapa tangu saa nane mchana hadi saa nne usiku, nikiinuka kula tu. Kila karatasi niliyoimaliza niliichora mstari mwekundu na kuiweka kando. Mama alipouliza kama karatasi zile zina kazi, nilimjibu kwa kiburi cha mtaalamu, "Hapana mama, zote ziko ndani ya mashine." Nikazichukua kwa mkono wangu mwenyewe nikazitia kwenye katoni ya kuwashia jiko. Naomba msomaji akumbuke hapo: si mama, si mtu mwingine. Ni mimi.

Usingizi ulipozidi nilikifunika kile kipakatalishi kama mtu afungavyo kitabu. Sikubonyeza chochote. Kufunika nilidhani ndiko kuweka. Kwani nilikuwa nimekifunika hivyo mara ngapi mchana, na kila nilipokifunua nikayakuta maneno yangu yananisubiri pale pale nilipoyaachia?

Asubuhi mama alikuwa ameondoka kwenda kanisani, jiko lilikuwa limeshawashwa na chai iko mezani. Nikafunua. Kiwambo cheusi. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha, mashine ikaanza kama iliyotoka kuzaliwa. WordPad tupu. Nikatafuta huku, nikatafuta kule. Moyo ukanidunda, jasho jembamba likanitoka.

"Nani ameguza hii kitu?" nikapaza sauti.

Dada yangu mdogo akatokea mlangoni na mswaki mdomoni. "Mimi nilichomoa kidogo tu nichaji simu ya mama. Nikarudisha! Kwani iko nini?"

Nikakimbilia ile katoni. Ilikuwa na karatasi mbili, zote za matangazo ya duka.

Jumatatu nilimwendea mwalimu wa somo la tarakilishi kabla hata ya paredi. Nilitarajia anicheke. Hakunicheka. Alinipeleka kwenye darasa lisilo na watu, akachora ubaoni visanduku viwili. Kwenye cha kwanza akaandika RAM, kwenye cha pili akaandika diski.

"Ile memori ya 500 aliyokwambia binamuyo," akasema, "ni hii ya pili. Hii ni ghala. Kitu ukikiweka humu, hata uzime mashine mwaka mzima, utakikuta. Lakini wewe hukuweka kitu humu. Maneno yako yote yalikuwa humu kwenye kisanduku cha kwanza, na hiki katika mashine yako ni gigabaiti nne tu. Hii ndiyo kumbukumbu yenyewe." Kisha akachukua dasta akakifuta kisanduku cha kwanza, herufi na mistari, chote. "Stima ikikatika, hivi."

Nikamwuliza kwa nini basi mtu atengeneze kumbukumbu inayosahau. Mwalimu akaketi juu ya dawati akanieleza, nami nilielewa kuliko nilivyowahi kuelewa somo lolote mwaka huu. Diski ya kipakatalishi cha aina yangu ni sahani inayozunguka, nyingi zao mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo wa chuma unakimbia juu yake ukitafuta mahali kitu kilipo. Ingawa kwetu sisi hiyo ni kasi ya ajabu, kwa ile sehemu inayofanya hesabu ni kama kumtuma mtu sokoni kila unapohitaji chumvi. Ndiyo sababu mashine huwa na RAM karibu yake, nayo ina kasi kubwa mno. Lakini kila biti ndani ya RAM ni chembe ya umeme iliyowekwa katika kitundu kidogo kinachovuja. Fikiria mamilioni kwa mamilioni ya ndoo zilizotoboka. Ili zisiishe maji, mashine hulazimika kuzijaza upya kila baada ya sehemu 64 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja, mchana kutwa na usiku kucha. Anayejaza akiondoka, ndoo zote zakauka.

"Na nilipoifunika?" nikauliza.

"Uliilaza. Hukuizima." Hapo ndipo nilipojua kwamba kulala na kuzima ni mambo mawili. Ukikifunika kipakatalishi, mara nyingi hulala tu: kiwambo kinazima, diski inatulia, lakini umeme kidogo unaendelea kwenda kwenye RAM ili zile ndoo zisikauke. Mchana wote nilipokuwa nikifunika na kufunua, waya ulikuwa umechomekwa. Kwa mashine yenye betri nzima, dada angechomoa asichomoe, isingeharibika kitu kwa usiku mmoja. Kwa yangu isiyo na betri, zile sekunde alizochomoa zilitosha. Iko njia ya tatu, ambayo katika mashine ya Kiingereza imeandikwa "Hibernate", nayo hunakili yote yaliyomo katika RAM ikayaweka kwenye diski kwanza ndipo ikazima kabisa. Sijaona jina lake la Kiswahili linaloniridhisha. Mimi huiita bumbwazi, na mlezi wetu ameshaikataa.

Sasa mtaona chanzo cha balaa. Binamu alisema memori, muuzaji alimwambia memori, na hata ile kadi ndogo ya simu sote twaiita memori kadi, ilhali kazi yake ni ya ghala. Vitu viwili vyenye tabia tofauti kama usiku na mchana vimepewa jina moja! Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wao wa Kilinux, walitoa programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, Jambo OpenOffice, kwa hiyo kazi ya kuyatafutia mambo haya majina imefanywa na watu wazima wenye elimu zao. Nami naona wao walistahili wafuasi wengi kuliko tulivyo. Kama ningepewa uwezo, RAM ningeiita ubao na diski ningeiita kabati. Hakuna mwanafunzi anayeacha kazi yake ya mtihani ubaoni akaenda kulala.

Lakini kueleweshwa ni kimoja, na kwenda kuwaambia wenye mashairi ni kingine. Wengi walinisamehe haraka, kwa kuwa walikuwa na nakala daftarini. Walinitania siku mbili tatu, wakaniita Bwana 500, yakaisha. Niliyemwogopa ni mmoja tu, mwanachama mpya, mdogo wetu kimasomo, kijana wa maneno machache. Alikuwa ameniletea shairi la tarbia, beti tisa, kwa penseli, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Lilihusu nyanyake aliyemlea, aliyefariki mwaka uliopita. Nilimkuta nyuma ya maktaba akila githeri.

"Uko na nakala ya lile shairi?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"La. Si nilikupa wewe?"

Nikamwambia yote. Habari ya katoni nayo nikamwambia, ingawa kulikuwa na sauti ndani yangu iliyonishauri nisingizie stima. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Aliweka kijiko chini, akatazama uwanjani kwa muda, halafu akafumba macho akaanza kusema ubeti wa kwanza. Nilichomoa kalamu nikaandika mgongoni mwa kitabu changu cha hesabu, kwa kuwa sikuwa na kingine. Alifika ubeti wa sita bila kukwama. Wa saba akaanza, akaurudia, akaanza tena, akanyamaza.

"Hizo tatu za mwisho nilizitunga usiku wa matanga," akasema. "Sizioni."

Usiku huo nilifanya hesabu, ijapokuwa haikuwa na faida yoyote. Mshororo mmoja wa tarbia una herufi na nafasi kama 40. Mishororo minne, beti tisa: karibu 1,440. Kila herufi yataka baiti moja, ambayo ni biti nane. Shairi zima la nyanyake lisingefika baiti 2,000, na lile ghala lilikuwa na nafasi ya baiti bilioni 500. Nafasi ilikuwepo. Kubonyeza Ctrl na S pamoja kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Najua wako watakaosema kwamba siku hizi programu nyingi hujihifadhia zenyewe. Ni kweli. Ile kubwa ya Microsoft Word, kwa mfano, huweka nakala ya dharura kila dakika 10 isipobadilishwa, na anayeandika kwenye simu akiwa na intaneti huenda asijue kabisa shida hii. Lakini WordPad haikuwa na huruma hiyo, na hata dakika 10 ni nyingi kwa mtu mwenye kasi ya vidole. Mimi sasa hubonyeza kila mwisho wa ubeti. Kisha hunakili kwenye flashi ya chama, ambayo mlezi huifungia kabatini, na karatasi za wenyewe huzirudisha mikononi mwa wenyewe. Katoni ya jiko mama ameihamishia jikoni kabisa, mbali na meza.

Miswada 13 tuliipata tena na kuipiga chapa upya kwa majuma mawili. Lile la 14 nililipangia ukurasa wake likiwa na beti sita, na mwandishi wake akakubali litoke hivyo. Ila juma lililopita, tukiwa kwenye foleni ya kutoka langoni, nilisikia mtu akinivuta shati kutoka nyuma. Alikuwa yeye, anahema. Alisema alikuwa akiosha sufuria nyumbani jana yake, zile ambazo nyanyake alikuwa akimsimamia kuzisugua kwa majivu, na ubeti wa saba ukaja wote. Tulirudi darasani tukafungua kipakatalishi cha shule. Akatamka, nikaandika, na kabla hajamaliza kutamka mshororo wa nne kidole changu kilikuwa tayari juu ya S.