Mlango wa Sabaki wahitaji walinzi wenye daftari

UKITOKA mjini Malindi kwa barabara ya kuelekea Garsen, mwendo mfupi tu kwa matatu, utafika kwenye daraja la Mto Sabaki. Wasafiri wengi hupita hapo mbio wakienda Mambrui au Lamu. Lakini anayeteremka na kuufuata mto hadi baharini hupata mandhari ya kuvutia: vilima vya mchanga, mikoko, viboko na makundi makubwa ya ndege. Jambo moja tu litamshangaza. Maji ni mekundu kwa udongo, na wekundu huo huingia mbali baharini.

Udongo huo umesafiri. Sabaki ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, na chanzo chake ni nyanda za juu karibu na Nairobi. Mto Nairobi, ukiisha kupokea maji ya Mathare na Ngong, humwagika katika Athi. Athi hupita Ukambani, huingia mbuga ya Tsavo na kukutana na Mto Tsavo, hapo ukaitwa Galana. Ukikaribia bahari ndipo unapoitwa Sabaki. Kwa hivyo, msomaji wa Nairobi, taka unayotupa mtoni ina njia ya kufika Malindi.

Somo la mwaka 1998

Je, tope hilo linadhuru kiasi gani? Swali hili si rahisi. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilileta mafuriko makubwa. Mapema mwaka 1998 matumbawe ya Malindi, ambayo ni makao ya samaki, yalipauka na mengi yakafa. Mgeni angeapa kuwa tope ndilo lililoyaua. Kumbe wanasayansi walikuwa wakiyapima matumbawe ya pwani yetu tangu miaka ya 1980, nao waliona kuwa hata yale ya kusini, mbali kabisa na mto huu, yalikufa vivyo hivyo. Muuaji mkuu alikuwa joto la bahari lililopanda kote magharibi mwa Bahari ya Hindi. Bila daftari za miaka iliyotangulia, lawama zote zingeuangukia mto.

Kipimo kimoja hakitoshi

Ndiyo sababu utafiti wa mahali kama hapa hupangwa kwanza. Maji ya saa ya kupwa si sawa na ya saa ya kujaa, wala siku za bamvua si sawa na za maji mafu. Wakati wa kaskazi tope husukumwa kusini, kuelekea Malindi na hifadhi yake ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Kusi inapovuma, huelekea Mambrui. Anayepima msimu mmoja tu atapata nusu ya habari.

Ndege nao ni vivyo hivyo. Anayewahesabu Januari peke yake atawaona wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Lakini kuna ndege mdogo anayezaliana kisiwani Madagaska, ambaye sasa yumo hatarini kutoweka. Huyu hufika Sabaki kwa maelfu wakati wa kusi. Mpango usiomkumbuka utamhesabu kuwa hayupo.

Vipimo vyenyewe si vyote vya gharama. Tangu mwaka 1865 mabaharia na watafiti hupima uangavu wa maji kwa sahani inayoteremshwa kwa kamba: kina inapotoweka machoni ndicho huandikwa. Kazi hiyo mvuvi wa Sabaki anaiweza. Mwanafunzi wa Nairobi naye anaiweza katika kidimbwi chenye kina cha mto ulio karibu na shule yake, akiwa na mwalimu, mradi arudi pale pale kila mwezi na kuandika tarehe. Daftari hizo mbili zikiwekwa pamoja zitaonyesha mengi kuliko moja peke yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini fundi hawezi kuziba ufa asiojua unaanzia wapi, na ufa wa Sabaki huenda unaanzia nyuma ya nyumba yako.