Tuliyemcheka kwa ufupi wake alikuwa mgonjwa wa figo

Machi 1983, Nancy Reagan, mke wa Rais wa Marekani wa wakati huo, alitokea kwenye komedi ya televisheni. Hakuwa akihojiwa. Aliigiza, akiwa yeye mwenyewe, katika Diff'rent Strokes, kwenye sehemu iliyohusu dawa za kulevya shuleni. Alikuwa katikati ya kampeni yake ya kuwataka watoto waseme hapana. Na aliyewekwa pembeni yake ni Arnold, mvulana mweusi, mfupi, mwenye mashavu ya kujaa, ambaye hata akinyamaza watu wanacheka.

Kwa wasioifahamu, komedi hiyo ilirushwa kuanzia 1978 hadi 1986. Inahusu wavulana wawili wa Harlem, Arnold na kaka yake Willis. Mama yao alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa tajiri wa kizungu. Alipofariki, tajiri akawachukua watoto na kuwalea pamoja na binti yake. Vipande vyake vimejaa YouTube, na watoto wetu wanavipata hukohuko kwenye simu zetu.

Ninaicheka, sitasema uongo. Lakini kuna jambo linanikwaza. Yule mama aliyepiga deki nyumba ile hatumwoni. Amekufa kabla hadithi haijaanza, na kazi yake ni kutupatia watoto wa kuokolewa na mzungu mwenye fedha. Mwaka huohuo wa 1983, kituo kingine kikaja na Webster: tena mvulana mweusi, tena mfupi kupita kiasi, tena analelewa na wazungu. Aliyemwigiza, Emmanuel Lewis, alikuwa na miaka 12 akicheza nafasi ya mtoto mdogo zaidi. Mmoja ningesema ni bahati. Wawili kwa mpigo ni ladha ya mnunuzi. Televisheni ile ilimkaribisha mvulana mweusi sebuleni alimradi asikue.

Na Arnold kweli hakukua. Hapa ndipo mimi, ninayeshinda kwenye kliniki nikiandika habari za magonjwa, ninaposhindwa kuitazama kama komedi tu. Gary Coleman, aliyemwigiza, alikuwa mgonjwa wa figo tangu utotoni. Ugonjwa pamoja na dawa alizotumia vilizuia ukuaji wake, akaishia urefu wa sentimita 142 hivi. Alipandikizwa figo mara mbili, 1973 na 1984, na zote hazikudumu. Aliishi kwa kusafishwa damu. Siku Nancy Reagan alipofika, Coleman alikuwa kijana wa miaka 15, na watazamaji waliona katoto.

Miaka minne kabla ya hapo, 1979, mgeni alikuwa Muhammad Ali. Hadithi ya siku hiyo ilijengwa juu ya uongo kwamba Arnold ni mgonjwa mahututi, ili bondia huyo aje kumwona. Watu walicheka uongo huo mbele ya mtoto ambaye tayari alikuwa amepandikizwa figo.

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa na ana ugonjwa wa figo unaopitisha protini kwenye mkojo. Ulianza kwa macho kuvimba asubuhi. Dada akadhani ni mafua au vumbi. Kisha miguu ikavimba, mkojo ukawa na povu. (Mzazi ukiona hivyo, usisubiri wiki iishe, mpeleke apimwe mkojo.) Anameza prednisolone. Ni dawa inayosaidia sana, na hairuhusiwi kuikatisha ghafla bila daktari, lakini inaleta njaa, inaufanya uso uwe wa duara, na ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza kasi ya kurefuka. Shuleni wanamwita Bonge. Mwalimu mmoja naye anamwita hivyo, kwa upendo anavyodhani.

Jumapili moja alikuwa akitazama Arnold kwenye simu yangu. Akasimamisha picha, akaikuza yale mashavu kwa vidole viwili, akaniuliza, "Mamdogo, na huyu anameza vidonge vyangu?"

Dada aliyekuwa akichambua mboga aliacha. Nilimwambia ndiyo, huyu naye alikuwa na figo zinazosumbua, na alitumia dawa zilizomfanya asirefuke. Akafikiri. "Sasa wanachocheka ni nini?"

Mgeni mashuhuri kwenye komedi ana raha yake. Anapigiwa makofi anapoingia, anasema neno jema, anaondoka kabla ya nusu saa kwisha, na kipindi kizima kinaonekana chema kwa sababu amekipitia. Mimi simlaumu Nancy Reagan kwa yaliyofuata. Ila Dana Plato, aliyeigiza binti wa nyumba ile, alikufa kwa dawa mwaka 1999 akiwa na miaka 34. Todd Bridges, yaani Willis, alizama kwenye kokeini kabla ya kujinasua. Coleman mwenyewe aliwashtaki wazazi wake na meneja wake kwa fedha alizochuma utotoni, akashinda mwaka 1993 zaidi ya dola milioni moja. Kusema hapana kwa muuza dawa langoni mwa shule ni rahisi kufundisha. Nani angewafundisha kusema hapana kwa watu waliokuwa wakila kupitia wao?

Yupo mgeni mmoja ninayempenda. Mwaka 1972 Sammy Davis Jr. alifika nyumbani kwa Archie Bunker, mbaguzi wa kwenye All in the Family, kufuata mkoba aliousahau kwenye teksi. Archie anatoa upuuzi wake wote kuhusu watu weusi, na Davis anamwacha aongee. Wakati wa kupiga picha ya pamoja, Davis anambusu shavuni. Kicheko chote kinamwangukia Archie. Maneno ya ubaguzi yapo, tena mengi, lakini anayechekwa ni anayeyasema.

Ndiyo maana dada aliponiuliza kama tuzifute hizo video, nilikataa. Tutazifuta ngapi? Vichekesho vyetu vina Mmasai ambaye lazima awe mlinzi na Mhindi ambaye lazima awe bahili na akosee ngeli. Tangu siku ile mtoto ana zoezi alilolibuni mwenyewe: anasimamisha picha na kutangaza anayechekwa. "Hapa wanamcheka mzungu." "Hapa wanamcheka Arnold, siyo haki." Wakati mwingine anakosea, wakati mwingine anaacha kutangaza kwa sababu anacheka mwenyewe.

Dada amepeleka barua ya kliniki kwa mwalimu mkuu, ikieleza ugonjwa na dawa. Jina la Bonge halijaisha, ila yule mwalimu ameliacha. Na mtoto, ambaye wiki za mwanzo tulimtania kwa kumwita Arnold, ametukataza. Huyo ni wa kwenye televisheni, anasema. Tukitaka kumfananisha na mtu, tuseme Gary.