Kijana wa Milano na Simu ya Mpwa Wetu

Huenda mtashangaa kuona mchungaji wa Kilutheri akiandika juu ya mtakatifu wa Kanisa Katoliki, tena mtakatifu aliyekufa na miaka 15, aliyependa michezo ya kompyuta na kuvaa raba. Sababu tutaieleza. Kwanza tumjue kijana mwenyewe.

Carlo Acutis alizaliwa London tarehe 3 Mei 1991, wazazi wake Waitaliano wakiwa huko kikazi, akalelewa Milano. Nyumba yao haikuwa ya watu wa kanisani sana. Mama yake amesimulia mara nyingi kwamba mtoto ndiye aliyemrudisha yeye kwenye imani. Alipokea Komunyo ya Kwanza akiwa na miaka 7, na tangu hapo akawa mtu wa Misa ya kila siku. Alijifunza mwenyewe kutengeneza programu za kompyuta, akaisaidia parokia yake kupata tovuti. Kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi, zaidi ya mia moja, kutoka nchi mbalimbali, na kuzipanga kwa picha na maelezo ili yeyote azione mtandaoni. Alipeleka chakula na mifuko ya kulalia kwa watu waliolala nje mitaani. Michezo ya kompyuta aliipenda, lakini alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Mwanzoni mwa Oktoba 2006 aliugua, ikagundulika ni saratani ya damu, na tarehe 12 mwezi huohuo akafariki hospitalini Monza. Amezikwa Assisi. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Sisi Walutheri hatumwombi Carlo atuombee. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 21, lilikwisha kutuwekea mpaka: watakatifu tuwakumbuke, tuifuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu katika wito wake, ila wa kuombwa ni Kristo peke yake, aliye mpatanishi. Wanafunzi wetu chuoni hukariri nusu ya pili ya ibara hiyo haraka sana. Nusu ya kwanza huisahau hata kwenye mtihani.

Kuhusu miujiza ile nayo, tuseme wazi. Hatuhitaji hostia itoe damu ndipo tuamini kwamba Bwana yupo mezani. Neno lake latosha. Luther alipokutana na Zwingli kule Marburg mwaka 1529 alilishikilia neno hilohilo na hakukubali lilegezwe, wala hakuwa na muujiza wowote wa kumwonyesha mwenzake. Kwa hiyo orodha ya Carlo hatuichukui kuwa msingi wa imani yetu. Lakini angalieni alivyofanya huyu mtoto: aliamini Bwana yupo pale, basi akaenda pale, kila siku, kabla au baada ya shule. Sisi tunaokiri katika Katekisimo Ndogo kwamba ni mwili na damu ya kweli ya Bwana wetu, tuna watu ambao Jumapili ya Chakula cha Bwana huanza kukusanya mikoba yao mara tu matoleo yakiisha.

Sasa sababu ya kuandika. Sisi ni watu wa Machame. Anayeijua historia ya Mlima anajua kwamba Machame walikuja wamisionari wa Leipzig, na Kibosho wakaja mapadre wa Roho Mtakatifu, na hivyo mto mmoja tu unaweza kuwatenga ndugu katika madhehebu mawili. Dada yetu aliolewa Kibosho akawa Mkatoliki. Mwanawe wa pili sasa ana miaka 17. Akiingia nyumbani kwetu husema, "Tumsifu Yesu Kristo," nasi huitikia, "Milele na milele, amina," na watoto wetu wamekwisha kuzoea. Ameturuhusu kuandika haya, ila tumebadilisha mambo machache ili watu wengine wasitambulike.

Kijana huyu ana picha ya Carlo kwenye kioo cha simu yake. Hurekodi klipu fupi: Injili ya siku kwa nusu dakika, sala ya asubuhi, wakati mwingine rozari nzima. Wanaomfuata wamepita elfu nne. Likizo ya Desemba alikuja kututembelea, na tulipokuwa tumeketi nje baada ya chakula cha usiku akauliza, "Mjomba, nikisali rozari huku najirekodi, halafu kabla sijafika tendo la tano nimeshachungulia mara tatu kuona wangapi wanatazama, hapo nimesali au nimeigiza?"

Hatukumjibu usiku ule. Mchungaji wa Kilutheri kumfundisha kijana wa Kikatoliki namna ya kusali rozari ni jambo la kichekesho kidogo. Isitoshe, swali lake lilikuwa kubwa kuliko rozari. Wahubiri wengi, na sisi tumo, tunajua kuchungulia waliokuja wangapi hata kabla ya wimbo wa kwanza kwisha.

Kesho yake tulimwonyesha jambo tulilokuwa tumeliona katika tarehe. Facebook ilifunguliwa kwa kila mtu mwenye miaka 13 na zaidi tarehe 26 Septemba 2006. Carlo alikufa siku 16 baadaye. Simu ya iPhone ya kwanza ilitoka mwaka uliofuata. Maana yake ni kwamba kijana huyu anayeitwa mtakatifu wa intaneti hakuwahi kuishi katika intaneti anayoishi mpwa wetu. Aliketi mezani, akatengeneza ukurasa, akauacha hapo kama mtu anayeweka mtungi wa maji kando ya njia. Mpita njia akinywa, hakuna kengele iliyolia mfukoni mwa Carlo. Na ukurasa wenyewe haukumwonyesha yeye. Ulimwelekeza msomaji altareni.

Leo hata sala ina namba chini yake. Mitambo hii imetengenezwa ili tuitazame tena na tena, na yeye Papa Fransisko, alipomtaja Carlo katika waraka wake kwa vijana wa mwaka 2019, *Christus vivit*, alisifu kwamba mtoto yule aliijua hila hiyo na hakunaswa nayo. Hatudhani kwamba dawa ni kutupa simu. Bwana wetu aliposema juu ya kuingia chumbani na kufunga mlango, hakusema chumba kisijengwe karibu na soko. Ila mlango lazima uwepo. Tulimwambia mpwa wetu hivi: rozari isali kwanza peke yako, simu ikiwa chumba kingine, na ukitaka kurekodi, rekodi ile Injili. Kusoma Neno mbele za watu ni kazi ya kanisa tangu zamani, na msomaji hana haja ya kuficha uso wake. Alikubali nusu. Alisema wapo watu wanaosali naye moja kwa moja kwa sababu majumbani mwao hakuna mwingine wa kusali naye, na akizima, watasali na nani? Hilo lilitunyamazisha, na tunakiri kwamba alikuwa na haki.

Mwezi wa pili alitupigia simu saa tano usiku. Msichana mmoja, mwanafunzi wa bweni mkoa mwingine, alikuwa amemwandikia faraghani kwamba haoni tena sababu ya kuishi. Mpwa wetu alikuwa amemtumia alama ya mikono iliyofumbatwa, kisha akashindwa kulala. "Mjomba, nimwandikie mstari gani?" Tulimwambia asimwandikie mstari wowote kwanza, ampigie. Alisema hawafahamiani. Tukamwambia ndiyo maana apige.

Alipiga. Waliongea kwa muda, bando likamwishia, tukamtumia lingine. Alimwuliza yuko wapi, yuko na nani, na kama kuna mtu mzima wa karibu anayemwamini. Msichana akamtaja matroni. Mpwa wetu akabaki naye kwenye simu mpaka alipotembea hadi mlango wa matroni na kugonga. Anasema alisikia mlango ukigongwa. Asubuhi alimweleza paroko wake, na paroko akampata padre wa parokia iliyo karibu na shule ile. Sisi tulipewa taarifa tu. Binti yupo, anaendelea na masomo, na yuko chini ya uangalizi wa watu wanaojua kazi hiyo.

Klipu aliyoiweka mpwa wetu wiki ile ilitazamwa na watu wachache kuliko zote za mwaka, kwa sababu hakuwa amelala na sauti ilikuwa imemkauka. Alituambia habari hiyo akicheka. Swali lake la Desemba hakulirudia, nasi hatukumkumbusha.

Tarehe 12 Oktoba Wakatoliki humkumbuka Carlo, na mpwa wetu ametualika Misa ya vijana parokiani kwao, ambako atasoma somo la kwanza, safari hii bila simu. Mama Mchungaji amekwisha kusema tutakwenda. Tutaketi karibu na dada yetu. Wakati wa Komunyo ukifika yeye na mwanawe watasimama kwenye mstari, nasi tutabaki kwenye benchi, maana makanisa yetu hayajafika kuketi meza moja, na sisi hatutaivunja taratibu ya wenyeji wetu. Tutawaombea wakiwa wanakwenda. Kisha dada yetu ameahidi mtori.