Kilomita 45 za Uwanda wa Meridiani

Kwenye sayari ya Mirihi kuna uwanda uitwao Meridiani Planum. Uko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta ya sayari hiyo, latitudo ambayo hapa kwetu iko kati ya Nairobi na Mwanza. Kama kwetu, mchana na usiku huko hukaribia kulingana mwaka mzima, na siku inaizidi yetu kwa dakika 39 tu. Adhuhuri anga huwa na rangi ya vumbi la barabara ya changarawe nyekundu wakati wa kiangazi. Jua likikaribia kuzama, sehemu ya anga inayolizunguka hugeuka buluu, maana vumbi laini linaloelea hewani huuacha mwanga wa buluu upenye na kumfikia mtazamaji kuliko rangi nyingine. Sisi tuna mchana wa buluu na machweo mekundu. Meridiani wana mchana mwekundu na machweo ya buluu.

Hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga huko. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 14 uwanda huo ulikuwa na msafiri wake: kigari cha magurudumu 6 cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilichopewa jina la Opportunity, yaani Fursa. Picha zake ziliwekwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuzitazama. Nimezifuata picha hizo shimo kwa shimo na kilima kwa kilima, mpaka nikaona nchi hiyo inastahili kusifiwa kama mtu anavyosifia mahali alipopazoea.

Kigari hicho kilitua tarehe 25 Januari 2004, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa Jumapili asubuhi. Kilishuka kikiwa kimefungwa ndani ya mifuko ya hewa, kikadunda na kubiringika, mwisho kikatulia ndani ya kishimo chenye upana wa mita 22 kilichochimbwa zamani na kimondo. Kamera zilipofunguliwa, mbele yake palikuwa na ukingo wa mwamba mpauko, matabaka juu ya matabaka. Wanajiolojia walikuwa hawajawahi kuliona jambo kama hilo kwenye sayari nyingine. Wakakiita kishimo hicho Eagle.

Sasa inama utazame chini, maana utajiri wa Meridiani uko miguuni. Juu ya mchanga zimetapakaa punje za mviringo zinazokaribia ukubwa wa pilipili manga, maelfu kwa maelfu, kana kwamba gunia limepasuka njiani. Nyingine bado zimejichomeka ndani ya mwamba, nusu ndani, nusu nje, zikisubiri upepo uusage mwamba ili zianguke. Vipimo vilionyesha kuwa zimejaa hematiti, madini ya chuma ambayo mara nyingi huumbika penye maji. Ndani ya mwamba wenyewe mlikutwa chumvi za salfeti, zikiwemo za aina ambayo haijengeki pasipo maji. Mwezi Machi 2004 wanasayansi wakatangaza kwamba mahali hapo palikuwa pamelowa maji zamani. Yalikuwa maji ya chumvi na yenye tindikali kali, lakini maji.

Kigari kilipopanda na kutoka kwenye kishimo hicho, uwanda ulijifungua: tambarare hadi upeo wa macho, bila mti, bila jabali, matuta madogo ya mchanga yakifuatana kama mawimbi ya bahari iliyotulia. Wengine wangeona ukiwa. Lakini anayekwenda polepole huona vitu, na Opportunity ilikwenda polepole kweli. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa sentimita 5 kwa sekunde, chini ya mwendo wa kobe. Haikuwezekana kuiendesha kama gari, kwa sababu ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kutegemea umbali uliopo kati ya sayari hizo mbili. Wahandisi wa maabara ya JPL mjini Pasadena, California, walituma maagizo ya siku nzima kwa mkupuo. Kigari kiliyatekeleza chenyewe, kikituma picha na vipimo kupitia vyombo vinavyoizunguka Mirihi, kisha kikalala usiku.

Kwa mwendo huo, mwezi Januari 2005, kilikuta jiwe lenye ukubwa wa mpira wa kikapu. Lilikuwa la chuma na nikeli, limeanguka kutoka angani. Hicho ndicho kimondo cha kwanza kutambuliwa juu ya ardhi ya sayari nyingine isiyo Dunia.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini mchanga wa Meridiani ulimjaribu hata mwenda pole. Mwezi Aprili 2005 magurudumu yalizama kwenye tuta la mchanga laini, na kila yalipozunguka yalizidi kuchimba. Huko Pasadena wahandisi walichanganya mchanga wa kufanana na ule, wakaweka kigari cha majaribio juu yake, na kutafuta namna ya kujinasua. Ilichukua wiki 5 hivi. Tuta hilo likaitwa Purgatory, toharani.

Mwezi Septemba 2006 msafiri alifika kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo la kimondo, iitwayo Victoria. Msomaji wa Mwanza, Kisumu au Entebbe atalifikiria ziwa letu, lakini jina hili halitokani na malkia. Limetokana na merikebu Victoria ya msafara wa Magellan, chombo cha kwanza kuizunguka Dunia, kilichorejea Uhispania mwaka 1522. Kreta hiyo ina upana wa mita 750 hivi na kina cha mita 70, na ukingo wake umekatika kama pwani: rasi, ghuba, rasi, ghuba. Watafiti wakazipa rasi hizo majina ya mahali merikebu ile ilikopita. Sakafuni mna vilima vya mchanga vilivyopangwa na upepo kwa mistari myembamba. Mwezi Oktoba 2006 chombo kinachoizunguka Mirihi kilipiga picha ya kreta hiyo kutoka juu, na pale ukingoni pakaonekana kidoa kidogo. Ndicho kigari chenyewe.

Mwaka uliofuata tufani la vumbi lilizuia jua kwa wiki kadhaa, na kigari kilichoishi kwa umeme wa jua kikanusurika. Kisha kikateremka ndani ya Victoria na kukaa humo karibu mwaka mzima, kikisoma matabaka ya miamba. Kilipotoka mwaka 2008, kiligeuza uso kuelekea kreta kubwa zaidi, Endeavour. Safari ya karibu kilomita 21 ilichukua miaka 3. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu mbele isipokuwa matuta. Kisha vilima vya ukingo vikaanza kuchomoza kwenye upeo wa macho, picha baada ya picha, kama milima inavyomjia abiria wa basi la masafa marefu.

Endeavour ina upana wa kilomita 22. Inaizidi Ngorongoro yetu kwa upana, ingawa Ngorongoro ilizaliwa na volkano iliyoporomoka, na Endeavour ilichimbwa na pigo la kimondo. Kigari kilifika Agosti 2011, na muda si mrefu kikakuta mshipa mweupe ndani ya mwamba, mwembamba kama kidole gumba. Ilikuwa jasi, hiyo hiyo inayochanganywa kwenye saruji na kutengenezewa ubao wa dari, iliyoachwa na maji yaliyopita kwenye ufa. Baadaye ukingoni hapo hapo yakaonekana madini ya udongo wa mfinyanzi, ishara ya maji ya kale zaidi yasiyokuwa na ukali wa tindikali. Uwanda ulikuwa na historia ya maji chachu. Vilima vikawa na historia ya maji matulivu.

Tarehe 24 Machi 2015 Opportunity ilitimiza kilomita 42.195, umbali wa mbio za marathoni. Wanariadha wa Iten humaliza mbio hizo kwa saa 2 na dakika chache. Kigari hiki kilitumia miaka 11 na miezi 2, ilhali wahandisi walikuwa wamekitarajia kiishi siku 90 za Mirihi na kitembee kilomita 1 hivi. Wakati huo kilikuwa kimezeeka. Gurudumu moja la mbele lilikataa kugeuka, na kumbukumbu yake haikuweza tena kuhifadhi kitu usiku kucha. Yale iliyoyaona mchana ilibidi iyatume kabla ya kulala, la sivyo yangepotea.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya tarehe 31 Machi 2016. Kigari kimepanda mteremko mkali, kikageuza kamera nyuma. Mbele ya picha zimo alama za magurudumu yake mawili mawili zikishuka kilimani. Chini bondeni, mbali, chamchela jembamba jeupe limesimama wima na kupita. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki hata asilimia 1 ya ule wa hewa yetu, lakini hewa hiyo inavuma, inanyanyua vumbi, na mara kadhaa ilikifagilia kigari paneli zake za jua na kukirudishia nguvu.

Vumbi hilo hilo ndilo lililoimaliza safari. Mwezi Juni 2018 tufani lilienea sayari nzima na mchana ukageuka giza. Ujumbe wa mwisho ulipokewa tarehe 10 Juni. NASA waliita mara zaidi ya elfu moja, na tarehe 13 Februari 2019 wakatangaza kwamba kazi imekwisha. Opportunity ilikuwa imetembea kilomita 45.16. Imesimama kwenye ukingo wa magharibi wa Endeavour, ndani ya bonde liitwalo Perseverance, maana yake ustahimilivu.

Picha zake bado zipo mtandaoni, bure, kwa mpangilio wa siku. Wewe mwalimu wa jiografia au sayansi, wape wanafunzi wako kipindi kimoja wazifuate alama hizo za magurudumu kuanzia Eagle. Na usiku Mirihi ikionekana, nyota nyekundu isiyometameta, waonyeshe kwa kidole: kule kuna uwanda uliowahi kulowa maji, nasi tunaujua kwa sababu kuna kilichoutembea hatua kwa hatua.