Jina Lingeweza Kusubiri

Dada yangu alipojifungua, simu hazikukoma: "Mvulana au msichana?" Mkunga alikuwa amemfunua mtoto, akatazama, akamfunika tena bila neno.

Nilikuwa nimesoma kesi ya Mtoto A, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu, Nairobi, mwaka 2014: mahali pa jinsia, hospitali ilimwandikia alama ya kuuliza. Sasa alama hiyo ilikuwa imeingia nyumbani kwetu, nasi tukawa tunabishana kuhusu jina tu.

Siku ya tisa mtoto akaanza kutapika. Mama akasema ametupiwa jicho. Daktari hakuuliza jina. Aliuliza: ananyonya? Anakojoa? Akatoa damu kupima chumvi, homoni na kromosomu, akaagiza altrasaundi. Mfuko wa uzazi ulionekana. Tezi zilizo juu ya figo, alitueleza, zinashindwa kutengeneza kotisoli, zinazidisha homoni za kiume, na mwili unapoteza chumvi. Mtoto angeweza kufa.

Kumbe wakati tukigombania jina, mwenyewe alikuwa anakauka.

Leo anameza dawa kila siku, anakimbiza kuku. Jina alipewa mwezi wa pili. Mama ndiye aliyelichagua.